Trekta Lililoshiba

Nyumbani, 2 Februari

Wifi,

Ningeanza kwa kukwambia sisi wazima, lakini mzima humu ndani ni mimi peke yangu. Mume wangu, huyo mdogo wako, mgongo umemgomea kabisa. Juzi aliinama kufunga kamba za viatu akabaki hapohapo, ikabidi nimkokote kama gunia la viazi, na njia nzima mpaka kitandani ananiambia ni misuli tu, ni misuli tu. Jembe sasa analitazama ukutani kama picha. Shamba la bondeni nalimudu mwenyewe, ila la juu, lile la mteremkoni, ndilo linalotulisha. Mvua zikilikuta halijalimwa, jirani atalikodi. Ameshauliza mara mbili, kwa sauti ya upole kweli, utafikiri anakuja kutoa pole ya msiba.

Na wewe ukamwambia kuna kazi ya ulinzi hapo karakana kwako. Najua ulisema kwa wema, wifi, wala sikulaumu. Lakini mapacha wetu wako shule ya bweni, na huyu mtu akiondoka nitabaki naongea na kuku. Nimezoea mkoromo wake. Nikiambiwa nilale kwenye nyumba iliyo kimya, sijui usingizi nitautoa wapi. Nimekwambia wazi ili usije ukasema hukujua.

Sasa habari njema. Ushirika umetupitisha tupewe trekta, tutalilipia kwa viazi mavuno hadi mavuno. Ni dogo, si yale madude ya mashamba makubwa. Yapo matatu pale uwanjani kwao na tunatakiwa kuchagua moja kabla ya Jumamosi. Mdogo wako ameshazama kwenye penzi la lile jekundu, refu, kiti chake kiko juu mpaka dereva anachungulia ndani ya nyumba za watu. Mimi trekta silijui, ila nikiliwazia lile refu kwenye ule mteremko, naliona limeshalala ubavu. Wewe unashinda na vyuma. Niambie tuchague lipi, na uniambie kwa maneno ambayo nikimpenyezea yeye atadhani ni yake.

Nakuandikia barua kwa sababu simu tunayo moja na anasoma kila kinachoingia, hata matangazo. Dereva wa gari la maziwa atakuletea. Jibu mpe yeye anipe mkononi.

Wifi yako,
Mama Mapacha


Karakana, 5 Februari

Wifi yangu wa vitimbi,

Barua yako nimeisoma nimekalia ndoo, nikacheka mpaka wenzangu wakazima mashine ya kukatia vyuma waje kuuliza kuna nini. Nimewaambia ni mambo ya ukweni.

Haya, sikiliza. Mimi nikimpelekea mteja kabati la chuma kwenye mkokoteni, nikilisimamisha, kona ya kwanza tu linataka kwenda kulala mtaroni. Nikililaza, nafika nalo salama huku naongea na watu. Trekta ni hivyohivyo. Mteremkoni usitafute lenye nguvu nyingi, tafuta lililochuchumaa. Nenda na kamba. Pima upana kutoka gurudumu la nyuma la huku mpaka la kule, halafu pima kutoka chini mpaka kwenye kiti. Lenye upana mkubwa na kiti cha chini ndilo lako, hata kama rangi yake haina mvuto. Liwe linavuta kwa magurudumu yote manne. Na nyuma ya kiti liwe na upinde wa chuma unaopita kichwa cha dereva, na mkanda wa kujifunga, ili likipinduka dereva asiwe yeye ndiye godoro. Kama halina upinde, nitautengeneza mimi.

Lile jekundu usibishane naye. Mwambie tu kwamba ni zuri sana, na kwamba jirani analo kama hilohilo. Hatalitaka tena. Namjua tangu hana meno.

Kuhusu kazi ya ulinzi, nafasi ipo mpaka mwisho wa Machi. Simvuti, lakini na mimi niseme kweli, nikimwona mdogo wangu anatembea amejikunja nusu ya mwili roho inaniuma. Chagueni trekta vizuri.

Wifi yako,
Fundi


Nyumbani, 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Trekta tumeshachukua, na nataka ujue nimelichagua kwa akili zangu mwenyewe. Watu wote pale uwanjani walikuwa wanalikimbilia jekundu. Mimi nikawaambia, jamani, mteremkoni hutafuti lenye nguvu nyingi, unatafuta lililochuchumaa. Mama Mapacha alinitazama kwa mshangao, akasema yeye hata hakuwa amewaza hivyo. Tumechukua la kijivu, fupi, pana, limekaa kama chura. Lina kila kitu isipokuwa ule upinde wa nyuma ya kiti, nami naomba unitengenezee.

Sasa yanayofuata ni yako wewe tu. Ukiyasoma, yachome.

Mtu wa ushirika alikuja kutufundisha, mimi na Mama Mapacha, siku nzima kule bondeni, na bondeni sina wasiwasi. Jumanne nikapanda nalo shamba la juu peke yangu. Nilipofika karibu na lile jiwe kubwa nikakata kona kwa kuukingama mteremko, na gurudumu la nyuma la upande wa juu likaondoka ardhini. Halikuondoka sana. Ungeweza kupitisha sahani chini yake. Lakini Dada, roho yangu ilipita hapo pamoja na sahani. Nilirudi chini kinyumenyume, polepole, napiga mluzi, ili mtu akiniona aone mwenye raha zake.

Tangu siku hiyo sijapanda tena. Kila asubuhi nalifuta vumbi, nakaza nati ambazo zimekaza tayari, nasema injini mpya lazima izoee kwanza. Mama Mapacha anaamini. Dada, ukimwona anavyonitazama ninapoiwasha ile injini. Sijatazamwa hivi tangu harusi. Nikimwambia naogopa, yale macho yatakwisha, nitakuwa tena yule wa kukokotwa mpaka kitandani. Bora nije kwako nikalinde lango, nitakuwa na kofia na kirungu angalau.

Kuna njia yoyote ya kulifanya lishike ardhi? Usimwambie yeye. Simu usipige, anapokea yeye.

Mdogo wako,
Baba Mapacha


Karakana, 23 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba akili zako zimezaa maneno mazuri namna hiyo. Yananikumbusha ya mtu fulani ninayemfahamu sana.

Kwanza, kuogopa kwako kumenipa amani. Ambaye angenitia wasiwasi ni yule ambaye gurudumu linaondoka chini naye anacheka. Pili, usipande tena mpaka upinde wangu ufike na ufungwe, na mkanda uuvae. Sitaki ubishi hapo.

Njia ipo. Tia maji kwenye matairi ya nyuma. Usinishangae, ndivyo wanavyofanya. Nyanyua gurudumu kwa jeki, lizungushe mpaka kipulizio, pale pa kujazia upepo, kiwe juu, toa ule ulimi wake wa ndani, chomeka mpira wa maji kutoka kwenye pipa lililo juu zaidi. Maji yakae robo tatu, juu yake ubaki upepo. Robo tatu, mdogo wangu, na ya nyuma tu. Uzito ukikaa chini kabisa, trekta linakuwa kama mama aliyeketi sokoni, kumwinua si kazi ndogo. Na uendeshe taratibu, usikate kona ghafla ukiwa umeukingama mteremko, na plau ikiwa imenyanyuliwa iwe chini kadiri inavyowezekana.

Halafu mwambie mkeo. Hayo macho yake unayoyasema, mimi sidhani yanaona unachodhani yanaona.

Dada yako,
Fundi


Nyumbani, 27 Februari

Wifi,

Yule mtu anapiga mluzi.

Usiku wa kuzaliwa mapacha alipiga mluzi mpaka wauguzi wakamtoa nje. Siku bweni la shule lilipoungua, kabla hatujasikia kwamba watoto wako salama, alipiga mluzi kutoka nyumbani mpaka barabarani. Basi Jumanne ile nilikuwa naosha vyombo dirishani nikaliona trekta kule juu limenyanyua mguu kama mbwa, halafu nikasikia mluzi unashuka mlima wote. Niliingia chumbani nikakaa chini. Alipoingia nikamwuliza shamba linasemaje, akasema shamba linasema karibu. Nami nikacheka, wifi, ningefanya nini.

Tangu hapo ni kufuta vumbi tu. Trekta letu ni safi kuliko sahani zangu. Namwacha. Namtazama anavyoliwasha, nalia moyoni, usoni namwekea tabasamu.

Na mimi nimelijaribu alipokwenda hospitali kuangaliwa mgongo. Bondeni naliendesha kama mchezo. Nikilielekeza juu, viganja vinatoka jasho mpaka usukani unateleza. Kwa hiyo tuko wawili waoga na trekta moja, ila yeye hajui kwamba mimi najua, wala hajui kwamba naogopa. Na asijue. Akijua naogopa ataliacha kwa ajili yangu, na akiliacha hana njia nyingine ila kwako. Nipe dawa ya kulituliza hilo trekta kimyakimya, yeye aone tu limekuwa pole.

Wifi yako,
Mama Mapacha


Karakana, 3 Machi

Wifi,

Dereva wa maziwa anakuletea mzigo. Ule mkubwa ni upinde wa nyuma ya kiti na mkanda wake, nimeuchomelea mwenyewe na kuupiga nyundo mpaka majirani wakalalamika. Ufungwe kwa bolti zote, isibaki hata moja mfukoni mwa mtu. Huo si siri, mwambie umetoka kwangu.

Vile vidogo vinne ni vyuma vya uzito. Vinaning'inizwa mbele, kwenye lile bamba chini ya taa. Trekta likipanda huku limebeba plau nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na mbele kukiwa kwepesi usukani unageuka pambo. Mwambie mumeo ushirika walisahau kuwapa, ni vya trekta tangu kiwandani. Vinne tu, wifi. Trekta si mkoba wa safari kwamba kila ukiona nafasi unaongeza.

Kuna jambo jingine ningekwambia, lakini kuna mtu amenifunga mdomo. Fanya hivi, mwulize mumeo kama anaogopa. Mwulize tu, wakati anakunywa chai, bila kumtazama. Na wewe mwambie unavyojisikia. Nyinyi watu mnakaa nyumba moja, mimi niko safari ya nusu siku, na mimi ndiye ninayejua mambo yenu yote. Jambo hili si sawa.

Fundi


Nyumbani, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Upinde umefungwa, umekaa vizuri, watu wanakuja kuutazama. Ushirika nao wameleta vyuma vya mbele walivyokuwa wamesahau. Lakini naandika kwa uchungu. Trekta letu ni bovu.

Nilitia maji kama ulivyosema. Ulisema robo tatu, nikawaza, robo tatu ni ya watu wenye miteremko ya kawaida, nikajaza mpaka yakafurika. Ya mbele nayo nikajaza, nisije nikawa nimependelea. Mama Mapacha alikuwa sokoni, hakuona. Sasa tangu wiki ile lina ugonjwa. Nikiliwasha linanguruma vizuri, nikiliambia twende linasita kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Kila shimo dogo linanipiga mgongoni. Kupanda, linapanda hatua chache, linatoa moshi mweusi, linasimama. Dizeli linakunywa utafikiri limealikwa. Nimebadilisha mafuta, nimesafisha chujio, hola. Mimi nilidhani tumepata la maana, kumbe tumepewa lililochoka ndani.

Nimeamua, Dada. Jumatatu nakwenda ushirika kuwaambia walichukue. Jirani nimemwambia aje jioni ileile tuzungumze habari ya shamba la juu. Mwisho wa mwezi nitakuja kwako. Mama Mapacha sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno, na mpaka sasa sijayapata.

Mdogo wako,
Baba Mapacha


Nyumbani, 15 Machi

Wifi,

Amepiga pasi mashati yake yote. Wifi, mtu wa shamba hapigi pasi mashati yote isipokuwa anaondoka. Nilimwuliza kama anaogopa, wakati wa chai, kama ulivyosema. Akasema anaogopa nini, akaenda nje, nikasikia mluzi.

Trekta nalo limekuwa zito sijui kwa nini, nadhani ameunguza klachi. Labda na mimi nina mkono wangu humo. Vile vyuma vyako vinne niliviona vichache, vidogo kama vipande vya sabuni. Nikafunga lile jiwe letu la kusagia la zamani mbele, chini kabisa, nikalifunika na gunia. Kwenye kisanduku cha vifaa nyuma nikajaza kokoto. Lakini trekta haliwezi kushindwa na kokoto, lina injini.

Jumatatu anakwenda ushirika. Anasema ni mkutano. Akishavuka barabara tu, mimi nalipanda nikalime shamba la juu. Akirudi akute mistari. Mtu hawezi kuondoka kwenye shamba ambalo tayari lina mistari. Mvua ilianza jana, ardhi ni laini, plau itaingia vizuri. Mkanda nitavaa, naapa.

Niombee.

Mama Mapacha


Karakana, 16 Machi

Kwa Mama Mapacha na Baba Mapacha, someni pamoja, mkiwa mmekaa.

Nimepiga simu tangu asubuhi haipatikani. Bila shaka mvua. Basi na hii iende na gari la maziwa, na yeyote atakayeifungua kwanza amwite mwenzake.

Nimechoka kuwa kabati la siri zenu. Wewe mdogo wangu umejaza maji matairi manne. Wewe wifi umefunga jiwe la kusagia na kujaza kokoto. Trekta si bovu, jamani, limeshiba. Nyumba yenu ndivyo ilivyo, hata mboga inatiwa chumvi na huyu halafu na yule, kila mtu anadhani mwenzake amesahau. Na mgeni akila hapo akanyamaza kwa adabu, analala amekumbatia ndoo ya maji.

Wote wawili mnaogopa. Kila mmoja ameniandikia kwa mkono wake. Wewe mdogo wangu unaogopa akijua utapoteza macho yake, na yeye anaogopa ukijua utakwenda zako. Nimeshasema, na hasira zenu nileteeni mimi.

Sasa fanyeni hivi. Ondoeni jiwe, mwageni kokoto. Matairi ya mbele yarudi kuwa na upepo mtupu, ya nyuma maji robo tatu. Vile vyuma vinne vibaki. Halafu jambo ambalo ningewaambia mwanzoni kama mngeniuliza pamoja: gurudumu la nyuma la kushoto lipelekeni kulia, na la kulia kushoto, ili lile bakuli la rimu liangalie upande mwingine. Magurudumu yatakaa mbalimbali zaidi, trekta litapanuka, na meno ya tairi yatabaki yanatazama mbele kama kawaida. Upana utawasaidia kuliko mawe yote ya mlima huo. Na ile kona ya jiwe kubwa iacheni iote majani, kukosa kona moja hakuwezi kuwatoa roho.

Mtu asipande juu na ardhi hii mbichi. Mtu yeyote. Wifi, unanisikia.

Fundi


Nyumbani, 21 Machi

Wifi yangu, Dada yake Baba Mapacha,

Barua yako ilifika Jumatano. Gari la maziwa lilikwama kwenye matope siku mbili, na sisi tulikuwa tumekwama kabla yake. Naandika mimi, yeye amekaa hapa pembeni anadai nafasi ya kusahihisha.

Jumatatu alivyotoka tu nikajifunga mkanda nikapanda. Wifi, njia nzima nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Lakini lile trekta lilipanda. Kwa kulalamika, kwa moshi, lilipanda, na wala halikuinama hata kidogo. Nikafika shamba la juu nikashusha plau, nikajiona mkubwa. Nikalima mstari mmoja mzima. Nilipogeuka nianze wa pili, nikaona upeo wa macho unapanda. Nikadhani ni kizunguzungu. Kumbe ni mimi ninayeshuka. Trekta lilikuwa linazama, taratibu, limenyooka kabisa kama mtu anayeingia kwenye maji ya kuoga, mpaka ekseli zikakaa juu ya udongo. Hakuna upande ulioinama. Nilikaa pale juu nimefungwa mkanda na mvua inanyesha, sina cha kufanya, nikaanza kulia.

(Naandika mimi, Baba Mapacha. Ushirika sikufika. Nilifika nusu ya njia nikasikia injini yangu kule mlimani. Nilirudi mbio, na mgongo huu, Dada. Nilifika nikamwona amekaa kwenye kiti chini ya upinde wako analia, nikajua ameumia. Nikamwuliza umeumia wapi, akasema hajaumia popote, analia kwa sababu ya mashati.)

Nilimwambia hivyo kweli. Nikamwambia najua unaondoka, nimeona pasi. Akalizunguka trekta akitazama magurudumu. Halafu akasema tulifanye liwe jepesi kwanza, tutasemezana baadaye. Akainama kwenye tairi akachomoa ulimi wa kipulizio, maji yakaruka yakampiga usoni. Nikamwuliza maji yametoka wapi. Akaenda la pili, maji. La tatu, maji. Mimi huku nimeshuka, nafungua gunia la mbele kwa siri, namwondoa mgeni wangu.

(Nikageuka nikaona jiwe la kusagia la marehemu mama yetu, mimi na wewe, Dada, limefungwa kwenye trekta kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikauliza hilo nalo limetoka kiwandani? Akasema ndiyo, wamelisahau. Halafu akafungua kisanduku kokoto zikamwagika miguuni kwake.)

Wifi, tulicheka. Tulicheka mpaka yeye akakamata mgongo na mimi nikakaa chini kwenye matope. Na pale chini, bila chai wala nini, akasema, "Mama Mapacha, hili trekta naliogopa." Nikamwambia mimi pia. Akasema, na nimeogopa wewe usije ukajua. Nikamwambia mimi pia. Basi tukakaa. Sijui muda gani, mvua ilikuwa inanyesha tu, na hatukuwa na haraka ya kwenda popote.

Jirani alikuja jioni kwa ajili ya yale mazungumzo, akatukuta tunachimba. Baba Mapacha akamwambia shamba halikodishwi, ila kama ana kamba nzito tunaomba atuvute kesho. Nimsifu, alikuja asubuhi na lile jekundu lake, akasimama kule kwenye njia ngumu, akatuvuta mpaka tukatoka. Akasema hata angekodi angelima kwa vibarua, trekta lake juu hapo halileti, linaogopesha. Mtu mzima yule, na anasema hivyo mchana kweupe mbele ya watu.

Magurudumu tumeyabadilisha kama ulivyoelekeza, Alhamisi ardhi ilipokauka kidogo. Mimi nilishika jeki, yeye akaelekeza, angalau mara moja mgongo wake umenifaa. Jana tulilima. Yeye alianza, mimi nikatembea upande wa juu namtazamia gurudumu la nyuma. Halafu tukapokezana. Kona ya jiwe tumeiacha. Mashati yamerudi kabatini, mengine tumelimia.

(Dada, kazi ya ulinzi mpe mwingine. Nisamehe kwa usumbufu. Ulinitafutia kofia, na nilikuwa naiwaza kweli. Lakini nataka kukaa hapa.)

Wako,
Mama Mapacha na Baba Mapacha


Karakana, 28 Machi

Nyinyi wawili,

Barua yenu nimewasomea watu wote wa karakana, na ile ya "mimi ninayeshuka" wameniomba nirudie. Msikasirike. Kuna mmoja hapa na yeye ana mke na trekta, ameondoka mapema kwenda nyumbani, hakusema kwa nini.

Kazi nimempa mtu mwingine, ameanza jana. Ni mpole, anapenda redio. Sasa na mimi niseme langu, maana zamu yangu ya kusema imefika na nimetunza ya watu mwezi mzima. Kile chumba cha mlinzi nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nilinunua na godoro gumu, la mgongo. Mdogo wangu, nimeishi mji huu miaka mingi na jioni nikizima mashine hakuna anayeniita dada, wananiita Fundi. Nilikuwa nawafundisha jinsi ya kulituliza trekta, na usiku nawaza kwamba likishindikana nitakuwa na ndugu wa kula naye. Niliwapa ushauri wa kweli kila mara. Lakini nilikuwa nawaza hivyo. Mliposema hamji, nililia kidogo, nikamwambia mlinzi ni moshi wa kuchomelea.

Na furaha ninayo, tena kubwa kuliko hicho kilio. Nitakuja kuvuna, mkinihitaji. Kuendesha sitaendesha, mimi vyuma napenda vikiwa vimesimama.

Ombi langu ni moja. Msiniandikie tena kwa kujificha. Nikitunza siri za huyu na za yule, mimi ndiye ninayeelemewa. Siku mkiogopa kitu, niandikieni barua moja, mtie sahihi wote wawili, nami nitaogopa pamoja nanyi.

Dada yako, wifi yako,
Fundi


Nyumbani, 22 Aprili

Dada, Wifi,

Viazi vimeota, shamba lote la juu ni kijani. Tunaogopa mvua ya mawe. Usisubiri mavuno, njoo sasa.

Mama Mapacha
Baba Mapacha